Mtoto mwenye mguu kifundo: kutoka plasta ya kwanza hadi kiatu cha mwisho

Mtoto amezaliwa salama, analia kwa nguvu, ananyonya vizuri. Lakini unyayo wake umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu na vidole vinatazama mguu wa pili. Pengine nyayo zote mbili ziko hivyo. Hali hiyo wahudumu wa afya huiita mguu kifundo. Kama ni mwanao, au mjukuu wako, au wewe ni mkunga uliyempokea, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mguu kifundo unatibika, tena mara nyingi bila upasuaji mkubwa, na mtoto akatembea, akakimbia na kuvaa viatu kama wenzake.

Jambo la pili husemwa kwa haraka mno pale kliniki, nami nataka ulisikie taratibu: sehemu kubwa ya tiba hii inafanyika nyumbani, usiku, mikononi mwako mzazi. Plasta hunyoosha mguu kwa wiki chache. Baada ya hapo vinakuja viatu maalumu vya kulalia, na hivyo ndivyo vinavyouzuia mguu usirudi kupinda hadi mtoto afike miaka 4 au 5. Mguu unaporudi ulikotoka, sababu kubwa huwa ni viatu vilivyoachwa mapema. Ukilijua hilo tangu siku ya kwanza, hutashangilia nusu ya safari ukadhani umefika.

Namna ya kuutambua

Mshike mtoto akiwa ametulia, ikiwezekana ameshiba, umwangalie miguu yote miwili kwa pamoja. Katika mguu kifundo utaona mambo manne: katikati ya unyayo kumebonyea kwa ndani na pengine kuna mkunjo mkubwa, sehemu ya mbele ya unyayo imepinda kuelekea mguu wa pili, kisigino kimelala kwa ndani, na unyayo mzima umeelekea chini, kisigino kikiwa kimevutwa juu. Ukikigusa kisigino hicho, utakiona kidogo na laini kuliko cha mtoto mwingine.

Kuna watoto ambao nyayo zao zimegeuka tu kwa sababu ya jinsi walivyokaa tumboni. Hao, ukiusukuma unyayo polepole kwa kidole, unakuja sawasawa bila ubishi. Mguu kifundo wenyewe ni mgumu. Unasogea kidogo, kisha unagoma. Usilazimishe. Hata kama unadhani ni ule mwepesi, mpeleke mtoto akaonwe na mtu aliyefunzwa.

Kabla hujaondoka wodini, mwombe mkunga amtazame mtoto mwili mzima. Uvimbe, shimo au nywele katikati ya mgongo vinaweza kuashiria mgongo wazi, na viungo vingi vilivyokakamaa, kama viwiko na magoti, vinaweza kuashiria tatizo jingine. Watoto hao nao hutibiwa miguu, ila huhitaji uangalizi zaidi, na ni vizuri daktari ajue mapema. Mwombe pia apime nyonga.

Mama hana kosa

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huwa na mguu kifundo. Wavulana hupata karibu mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa na hali hiyo miguu yote miwili. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Kinachofahamika ni kwamba damu ya ukoo inachangia: familia iliyowahi kupata mtoto wa namna hii ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwingine.

Wapo watakaokuambia kuwa ulimcheka mlemavu ukiwa mjamzito, au ulivuka kitu kibaya njiani, au kuna mtu kakutupia jicho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopindisha mguu wa mtoto. Maneno hayo hufanya madhara ya namna nyingine: mama hujifungia ndani, mtoto hufichwa chini ya kanga, na wiki zinazofaa kwa matibabu hupita. Baba, nafasi yako ni hapa. Ukienda kliniki pamoja na mkeo siku ya kwanza, ukamshika mtoto wakati anafungwa plasta, umenyamazisha midomo mingi nyumbani bila kugombana na mtu.

Tiba hii ilitoka wapi

Zamani madaktari wengi walitegemea upasuaji mkubwa, wakikata na kulegeza viungo vya unyayo. Mguu ulinyooka, lakini wengi wa watoto hao walipokua walibaki na nyayo ngumu zenye maumivu. Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa Hispania mwaka 1914 na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kutengeneza njia nyingine: kuunyoosha mguu kwa mikono, kidogo kidogo kila wiki, na kuushikilia kwa plasta. Kwa miaka mingi wenzake hawakumsikiliza sana. Mwaka 1995 yakachapishwa matokeo ya wagonjwa wake waliofuatiliwa kwa takriban miaka 30: asilimia 78 walikuwa na miguu iliyofanya kazi vizuri au vizuri sana, huku kundi la watu ambao hawakuwahi kuwa na tatizo hilo likiwa na asilimia 85. Kwa mguu uliozaliwa umepinda, hiyo ni tofauti ndogo sana. Leo njia ya Ponseti ndiyo inayotumika duniani kote.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake katika tiba hii. Kipimo ambacho wahudumu hutumia kupima ukali wa mguu kifundo, kuanzia 0 hadi 6, kilitungwa na Shafique Pirani, daktari wa Kanada aliyezaliwa Uganda, ambaye alirudi huko kusaidia kueneza matibabu haya. Viatu vya kulalia vyenye chuma vinavyotumika katika kliniki nyingi za ukanda wetu vilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, fundi wa viungo bandia kutoka Uholanzi, kwa ngozi na chuma vinavyopatikana madukani kwetu, ili fundi wa hapa aweze kuvitengeneza na kuvikarabati. Pia ilionekana Uganda kwamba maafisa tabibu waliofunzwa vizuri wanaweza kufunga plasta hizi kwa ufanisi. Kwa hiyo usishangae wala usivunjike moyo kama anayemhudumia mwanao si daktari bingwa. Uliza tu kama amefunzwa njia ya Ponseti.

Anza mapema

Samaki mkunje angali mbichi. Mifupa mingi ya unyayo wa mtoto mchanga bado ni gegedu, na kano zake zinavutika. Wakati bora wa kuanza ni wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, pale mtoto anapokuwa mzima na ananyonya vizuri. Si dharura ya kukimbia usiku, lakini pia si jambo la kusubiri hadi arobaini ipite, au hadi aanze kusimama.

Kuna ushauri utapewa mtaani ambao unapaswa kuukataa kwa upole: kumkanda mtoto na kuusukuma unyayo kwenda juu kwa nguvu ili kisigino kishuke. Kisigino ndicho cha mwisho kurekebishwa. Ukikilazimisha mapema, unyayo huvunjikia katikati, ukawa umetuna chini badala ya kuwa na upinde wake, na kazi ya kuutibu ikaongezeka. Mafuta ya nazi hayana kosa. Tatizo ni nguvu za mikono.

Siku ya kliniki

Kliniki za mguu kifundo kwa kawaida huwa na siku maalumu katika wiki. Piga simu au ulizia kwanza usije ukasafiri bure. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, nguo za kubadilisha, nepi za kutosha, kanga mbili na, ikiwezekana, mtu wa kukusaidia.

Mpeleke mtoto akiwa na njaa kidogo. Wakati mhudumu anaunyoosha mguu na kufunga plasta, mtoto awe ananyonya. Mtoto anayenyonya hulegeza misuli, na mguu uliolegea hufungwa vizuri. Unyooshaji wenyewe haupaswi kumuumiza. Mhudumu mzuri utamwona anatafuta kwa dole gumba mfupa mdogo uliojitokeza upande wa nje wa unyayo, anauegemea, kisha kwa mkono wa pili anausogeza unyayo kwenda nje taratibu na kuushikilia hapo kwa muda. Haina haraka, wala haina sauti ya kitu kukatika.

Plasta hufungwa kuanzia vidoleni hadi juu kabisa ya paja, goti likiwa limekunjwa pembe mraba. Ukimwona mtu anataka kufunga plasta fupi inayoishia chini ya goti, muulize. Plasta fupi huchomoka upesi, na haiwezi kuuzuia mguu usijizungushe kurudi ndani.

Usishtuke baada ya plasta ya kwanza ukiona unyayo kama umegeukia ndani zaidi ya ulivyokuja. Hatua ya kwanza ni kuinua sehemu ya mbele ya unyayo upande wa kidole gumba ili kuondoa ule mbonyeo wa katikati, na kwa wiki moja sura yake huwa hivyo. Kuanzia plasta ya pili na ya tatu utaanza kuona unyayo ukielekea nje. Plasta hubadilishwa kila wiki, na watoto wengi huhitaji kati ya 5 na 7.

Kuishi na plasta nyumbani

Plasta mpya huhitaji karibu saa 24 kukauka kabisa. Ilaze juu ya mto au kanga iliyokunjwa, usiifunike, wala usiiegemeze kwenye ukingo mgumu wa kitanda. Usiipeleke karibu na jiko ili ikauke haraka.

Kazi yako kubwa ni vidole. Siku ya kwanza viangalie kila saa chache, baadaye angalau mara nne kwa siku, kila unapobadilisha nepi. Bonyeza kidole cha mtoto taratibu kwa chini, upande ule ambao ngozi ni nyeupe kidogo, kisha uachie. Rangi ikififia na kurudi ndani ya sekunde mbili, damu inapita vizuri. Vidole viwe na joto, na vyote vionekane. Siku ya kwanza mhudumu akimaliza kufunga, angalia plasta inaishia wapi, uweke alama ya kalamu. Kesho ukikuta vidole vimezama ndani ya alama ile, plasta imeteleza.

Mwogeshe mtoto kwa kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Kuoga kwenye beseni kusubiri siku ya kliniki, plasta ikishatolewa. Badilisha nepi mara kwa mara, na ukingo wa juu wa plasta ubaki nje ya nepi ili mkojo usiingie. Usitie poda wala mafuta ndani ya plasta, na usichokonoe kwa kijiti hata kama unadhani mtoto anawashwa.

Wengi hujiuliza kuhusu chanjo. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huchomwa pajani, na paja limefunikwa na plasta. Mwambie muuguzi wa kliniki ya watoto, na mwombe mhudumu wa plasta mpange chanjo siku ya kubadilisha, katikati ya kutoa ya zamani na kufunga mpya. Chanjo isiahirishwe kwa sababu ya plasta. Na mtoto anapopimwa uzito akiwa na plasta, hakikisha imeandikwa kwenye kadi, maana uzito ule si wake peke yake, na upungufu wa lishe unaweza kujificha humo.

Usitoe plasta nyumbani usiku wa kuamkia kliniki eti kurahisisha kazi. Mguu uliokaa saa kumi bila plasta umeshaanza kurudi. Itolewe kliniki, au asubuhi ileile kama umeelekezwa hivyo.

Rudi hospitali mara moja, bila kusubiri siku ya miadi, ukiona mojawapo ya haya:

- vidole vimekuwa vya baridi, vimevimba, vimepauka au vina rangi ya bluu;
- rangi hairudi upesi baada ya kubonyeza;
- vidole vimezama ndani ya plasta;
- mtoto analia mfululizo na hakuna kinachomtuliza, hata ziwa;
- plasta inanuka vibaya, inatoa majimaji, imelainika au imevunjika;
- mtoto ana homa isiyo na sababu nyingine unayoijua.

Kama vidole vimebadilika rangi au vimekuwa baridi na hospitali iko mbali, loweka plasta kwenye maji ya uvuguvugu, ifungue taratibu kwa kuizungusha, kisha uanze safari. Plasta inafungwa upya. Kidole kilichokosa damu hakirudi.

Kukata kano ya kisigino

Unyayo ukishaelekea nje vya kutosha, hubaki kisigino ambacho bado kimevutwa juu na kano nene iliyo nyuma yake, ile ambayo wengi huiita mshipa wa kisigino. Kwa watoto walio wengi, yapata 8 au zaidi kati ya 10, kano hiyo hukatwa. Neno kukata huwatisha wazazi, na wengine hutoroka hapo hapo. Sikiliza kinachofanyika: mtoto mchanga huchomwa ganzi pale kisiginoni, kano hukatwa kupitia tundu dogo lisilohitaji kushonwa, na kazi yote huisha kwa dakika chache. Kisha hufungwa plasta ya mwisho inayokaa wiki 3. Katika wiki hizo kano hujiunga yenyewe, ikiwa ndefu kuliko mwanzo. Doa dogo la damu kwenye plasta ni la kawaida. Lizungushie kalamu, na likiendelea kukua, rudi hospitali.

Ukiikataa hatua hii, kisigino hakitashuka, na kila ulichokivumilia kwa wiki sita zilizopita kitapotea.

Viatu: hapa ndipo pa kukaza

Siku plasta ya mwisho inapotolewa, mguu utauona mzuri. Siku hiyohiyo mtoto avalishwe viatu: viatu viwili vya ngozi vilivyo wazi vidoleni, vimeunganishwa kwa chuma chenye urefu unaolingana na upana wa mabega yake. Kiatu cha mguu uliotibiwa hugeuzwa nje kati ya nyuzi 60 na 70. Cha mguu mzima, kati ya 30 na 40. Mtoto mwenye mguu kifundo upande mmoja huvaa vyote viwili, kwa sababu kimoja peke yake hakiwezi kuushikilia mguu ukiwa umegeuka nje.

Ratiba ni hii. Miezi 3 ya kwanza anavaa saa 23 kwa siku. Saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kujinyoosha. Baada ya hapo anavaa usiku na anapolala mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka afike miaka 4 au 5. Mchana anapotembea hahitaji viatu vya pekee. Avae vya kawaida au acheze peku.

Namna ya kuvalisha ina utaratibu wake. Mvalishe soksi za pamba zisizo na mikunjo. Anza na mguu uliokuwa mgumu zaidi. Kunja goti, ingiza unyayo, sukuma kisigino hadi kiguse chini na nyuma, kisha kaza mkanda wa kifundo kwanza, kabla ya kamba. Viatu vya Steenbeek vina tundu dogo nyuma ya kisigino: chungulia hapo. Ukiona kisigino kimejaa pale, amevaa sawasawa. Ukiona nafasi tupu, fungua uanze upya. Weka alama kwenye tundu la mkanda unalofungia ili yeyote atakayemvalisha, awe baba, dada wa kazi au bibi, afungie hapohapo.

Usiku wa kwanza na wa pili mtoto atalia. Mara nyingi hana maumivu. Anashangaa kwamba miguu yake haiwezi tena kurusha teke moja moja. Mfundishe. Shika chuma, kisukume kuelekea tumboni magoti yote mawili yakunjike, kivute yanyooke, ukimwimbia. Akishajua kuipiga miguu yote kwa pamoja, kilio huisha. Viringishia chuma kitambaa kinene, kisimuumize yeye wala wewe uliyelala naye, na kisichane chandarua.

Wekundu kidogo unaopotea baada ya muda ni wa kawaida siku za mwanzo. Malengelenge au kidonda, hasa nyuma ya kisigino, mara nyingi huonyesha kwamba kiatu kimelegea na mguu unasugua. Watu hudhani dawa ni kulegeza zaidi, wakaongeza tatizo. Usipake mafuta, yatalainisha ngozi zaidi. Nenda kliniki wakuangalizie, na usikae siku nyingi nje ya viatu ukisubiri miadi.

Jaribu kubwa litatoka kwa wanaokupenda. Mama mkwe atakuja kusalimia, atamwona mjukuu amefungwa chuma, roho itamuuma. "Mwanangu, mfungue usiku huu tu apumzike, mguu si umeshanyooka?" Mjibu kwa adabu na bila kuyumba: "Mama, nisamehe. Umenyooka kwa sababu anavaa. Tukiacha utarudi." Kisha mfundishe yeye mwenyewe kuvalisha. Bibi aliyefundishwa kuchungulia kile kitundu cha kisigino huwa mlinzi kuliko daktari.

Ukubali ukweli huu wa tarakimu: miguu ya watoto wanaoacha viatu mapema hurudi kupinda kwa walio wengi, 8 kati ya 10 au zaidi; kwa wanaovaa ipasavyo, ni wachache tu. Usimpe mtoto nafasi ya kuamua. Akikua akazoea kwamba kuna kula, kuna kuoga, kuna kuvaa viatu, kisha kulala, hatabishana nawe kila usiku.

Kliniki haijaisha

Wiki chache baada ya kuanza viatu utaitwa, kisha kila miezi 3 au 4 katika miaka ya mwanzo. Uende hata kama huoni tatizo. Mguu wa mtoto hukua haraka, na kiatu kilichobana hukataliwa. Vidole vikianza kuzidi ukingo wa mbele, ni wakati wa namba nyingine. Kabla ya kila usiku tikisa chuma uone kama skrubu zimelegea, na kama viatu vinaelekea nje kama vilivyowekwa.

Katikati ya miadi, wewe ndiwe jicho. Ujue mguu unaanza kurudi ukiona kisigino hakikai tena ndani ya kiatu, mtoto anatembea kwa ukingo wa nje wa unyayo, vidole vinaelekea ndani anapokimbia, au hawezi kuchuchumaa kisigino kikiwa chini. Nenda mapema. Mara nyingi plasta mbili tatu hurudisha hali. Ukisubiri mwaka mzima, huenda ukahitajika upasuaji.

Kama mtoto ameshakua

Huenda unasoma haya na mwanao tayari anatembea kwa mgongo wa unyayo, ngozi imeota sugu. Usiseme tumechelewa. Njia hii ya plasta imefanikiwa pia kwa watoto walioanza kutembea na hata kwa wenye umri wa kwenda shule. Plasta huwa nyingi zaidi, kunyoosha huchukua muda mrefu, na baadhi huhitaji upasuaji wa nyongeza, lakini mguu unaokanyaga bapa unabadilisha maisha yake shuleni na mtaani. Na mguu uliotibiwa unaweza kufika mbali: Mia Hamm wa Marekani, aliyeshinda Kombe la Dunia la soka la wanawake mwaka 1991 na 1999, alizaliwa na mguu kifundo na utotoni alivalishwa viatu vya kurekebisha.

Pa kwenda na pa kuuliza

Nchini Tanzania, ukiwa Dar es Salaam, ulizia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, au hospitali ya CCBRT. Ukiwa Kaskazini, KCMC mjini Moshi. Ukiwa Kanda ya Ziwa, Bugando mjini Mwanza. Kenya ipo hospitali ya CURE kule Kijabe. Uganda zipo Mulago jijini Kampala na CoRSU iliyoko Kisubi, barabara ya Entebbe. Hospitali ya mkoa au ya kaunti inaweza kuwa na kliniki ya karibu zaidi, hivyo anza kwa kumuuliza muuguzi wa kliniki ya watoto na uombe rufaa.

Ukifika, uliza maswali haya na upate majibu kabla ya kuondoka: Mnatumia njia ya Ponseti? Kliniki ni siku gani, na nikipata tatizo usiku nipige namba gani? Gharama ya plasta, ya kukata kano na ya viatu ni kiasi gani, na je, bima au ustawi wa jamii watasaidia? Viatu vya namba kubwa zaidi nitavipata wapi mtoto akikua? Nauli ikikukwamisha, sema waziwazi. Mzazi anayesema anaweza kutafutiwa njia. Anayepotea kimya hawezi kusaidiwa.

Usimfiche mtoto wako. Mpeleke wiki hii, akiwa bado mchanga au akiwa ameshakua. Na mguu utakaponyooka, majirani wakakupongeza, mvalishe viatu usiku ule, na usiku unaofuata, mpaka mhudumu mwenyewe akuambie basi.